Mtumbwi Haurudi Mtupu

Kemilembe alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, naye alisoma darasa la nne katika shule ya misheni karibu na Kamachumu. Kila siku aliamka kabla kuku hawajashuka. Alifagia uwanja, akachukua kibuyu akateremka bondeni kuteka maji, kisha akapanda kilima na kumpa mdogo wake Josia kiporo cha ndizi na maharage. Kazi hizo kila msichana wa kijiji chao alizifanya, na hakuna aliyejisifia.

Lakini Kemilembe alikuwa na kazi moja zaidi, ambayo hakuagizwa na mtu. Kabla ya kwenda kuteka maji alisimama nje ya chumba cha baba yake, akabana pumzi, akasikiliza anavyokohoa. Kikohozi kifupi na kikavu kilimwambia kwamba baba amelala vizuri. Kikohozi kizito, kikifuatwa na kimya kirefu, kilimwambia kwamba amekunywa. Tangu Pasaka alikuwa akisikia kikohozi kifupi tu. Hata hivyo hakuacha kusikiliza.

Baba yake, Aroni, alikuwa mkamuaji wa pombe aliyesifika. Kule kwao ndizi mbivu hutiwa pamoja na nyasi katika mtumbwi uliochongwa kwa gogo moja, zikakanyagwa kwa miguu mpaka zitoe maji, na maji hayo yakichanganywa na unga wa mtama uliokaangwa yanakuwa lubisi. Watu walisema miguu ya Aroni ina sukari. Kila aliyekuwa na arusi au matanga alimwita, na kila alikoitwa alionjeshwa. Kuonja kukawa kunywa, kunywa kukawa kulewa, mwisho hakuna aliyeweza kusema ni siku gani hasa mtu yule mpole aligeuka mtu wa kulala njiani.

Baada ya Krismasi mama yao, Kokubanza, alifunga nguo zake katika kanga akarudi kwa kaka yake aliyekaa Kagondo, huko Bukoba. Watoto ni wa ukoo wa baba, basi wao walibaki. Aroni alipobaki bila mke aliugua. Alichukuliwa kwa machela mpaka hospitali ya misheni, akatetemeka siku tisa huku akiona nyoka ukutani. Alipotoka, siku ya Pasaka, alisimama mbele ya usharika wote akasema, "Nimeacha." Watu wakaimba, wengine wakalia. Kokubanza alipopata habari hizo alituma barua: "Nitarudi kahawa ikiisha kuanikwa. Lakini Kemilembe aniandikie kila mwezi hali ya nyumbani. Wengine wataniambia wanayotaka niyasikie. Yeye ninamwamini."

Barua ile Kemilembe aliikunja mara nne akaiweka ndani ya Agano lake Jipya. Alihesabu miezi. Aprili, Mei na Juni aliandika kwamba baba hanywi, na ilikuwa kweli.

Sasa, Aroni alikuwa ameacha kunywa na kukamua, lakini mtumbwi wake alikuwa nao, chini ya kibanda nyuma ya nyumba. Uliachwa na marehemu baba yake. Majirani waliuazima kama zamani, kwa kuwa katika kijiji kile kumnyima mtu mtumbwi ni sawa na kumnyima moto.

Jumamosi moja ya Julai, siku tatu baada ya arusi ya binti wa Kagaruki, jirani yao, vijana wanne waliuleta mtumbwi wakiwa wameubeba mabegani. Kagaruki mwenyewe alitangulia, na mkononi alishika kibuyu kilichozibwa kwa jani la mgomba.

"Baba yako yuko wapi?" aliuliza.

"Amepeleka kahawa chama cha ushirika, waitu," Kemilembe akajibu kwa heshima, huku amepiga magoti.

"Basi pokea wewe. Mtumbwi haurudi mtupu."

"Lakini tata ameacha," Kemilembe alisema kwa sauti ndogo; tata ndivyo alivyomwita baba yake.

Vijana wakacheka. Kagaruki naye akacheka, lakini bila ubaya. "Ameacha kunywa, hajaacha kuwa jirani yangu. Nikirudi na kibuyu hiki watu watasema nimemdharau Aroni. Ukitaka, wape wageni wake. Haya, mwanangu, mtoto mwenye adabu hapokei kwa mkono mmoja."

Kemilembe akakipokea kwa mikono miwili.

Walipoondoka alisimama na kibuyu kile kana kwamba amepewa mtoto wa mtu mwingine. Kukimwaga aliogopa: alikuwa amesikia kwamba anayemwaga pombe ya arusi anamtakia bibi arusi mabaya. Akawaza, "Kesho baada ya kanisa nitampa shangazi." Akakificha kibandani chini ya rundo la majani makavu ya migomba, akapanga majani juu yake vizuri, akaenda kumenya ndizi.

Baba alirudi saa kumi na moja jioni. Alipita nyuma ya nyumba, akaketi juu ya ukingo wa mtumbwi, akaupapasa. Ulikuwa bado unanuka pombe.

"Umerudi," alisema. "Na nini?"

"Mtupu, tata."

Aroni alimtazama, akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayeumwa jino. "Kemilembe, nimeuazimisha mtumbwi huu miaka kumi na mitano. Haujarudi mtupu hata siku moja."

Hakugomba. Aliinuka tu, akaanza kuzunguka kibandani kama mtu aliyepoteza kisu. Kemilembe aliingia jikoni akajifanya anapuliza moto.

Asubuhi kikohozi kilikuwa kizito, kikafuatwa na kimya kirefu.

*

Siku ile ya Jumapili baba hakwenda kanisani. Mchana alimwita Kemilembe nyuma ya nyumba. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Ni kibuyu kimoja tu," alisema. "Kimekwisha. Nani anajua? Mimi na wewe. Mwanangu, ukimwandikia mama yako neno hili, hatarudi. Nami nimeshaacha tena, tangu asubuhi hii. Unanisikia?"

"Nakusikia, tata."

"Basi mwandikie mambo mema."

Kemilembe alifikiri jambo moja tu: mimi ndiye niliyepokea kwa mikono miwili. Mimi ndiye niliyeingiza pombe nyumbani. Akachana karatasi katika daftari lake akaandika kwa mwandiko mzuri kuliko wote: *Mama mpendwa, sisi hatujambo. Baba hajambo. Hanywi. Kahawa ni nzuri. Josia anakusalimu. Ni mimi mtoto wako Kemilembe.* Akaenda kumpa Elieza, dereva wa lori la kahawa aliyekwenda Bukoba kila wiki.

"Lete, mama barua," Elieza akatania. "Magunia yangu yote sitini hayana uzito wa karatasi zako. Nikichelewa siku moja, mama yako ananingojea barabarani kama Bwana Kodi."

Siku nyingine Kemilembe angecheka. Siku hiyo aligeuka akaenda zake.

Uongo wa kwanza ulikuwa mgumu; uliofuata ulijitafutia njia wenyewe. Shangazi Kokushubira, dada mkubwa wa baba, mjane aliyekaa ng'ambo ya bonde, alipouliza kwa nini Aroni haonekani kanisani, Kemilembe alisema ana homa. Mwalimu alipouliza kwa nini yeye haji shuleni siku za Ijumaa, alisema tumbo linauma. Kwa kweli alikuwa akibaki nyumbani kumlinda baba. Alinusa vikombe, alinusa kibuyu cha maji, alinusa koti lililotundikwa ukutani. Hata shuleni mkono wake ulipanda puani bila yeye kujua.

"We Kemilembe," rafiki yake Clotilda alimwambia mbele ya wenzao, "siku hizi unanusa kila kitu kama mbwa wa Bwana DC. Unatafuta nini kwenye uji wangu?"

Wote walicheka. Kemilembe alisukuma bakuli akatoka nje.

Naye baba, kwa kuwa kanisani hakuna aliyejua, hakuwa na wa kumwogopa. Alirudi kunywa kwa Kagaruki, na nyumbani alificha vibuyu hapa na pale. Usiri ule aliouomba ndio uliompa nafasi.

*

Alhamisi moja Kemilembe alitoka shuleni saa nane. Alipokaribia nyumbani aliwaona kuku wakiparua juu ya jamvi la kahawa na hakuna anayewafukuza. Akajua. Akakimbia.

Baba alikuwa amelala kizingitini, mdomo wazi. Na nyuma ya nyumba, kando ya mtumbwi, Josia alikuwa amelala chali. Kibuyu kidogo kilikuwa karibu naye, kimemwagika. Shati lake lilikuwa na matapishi, na pumzi yake ilinuka pombe. Lubisi changa ni tamu, na mtoto wa miaka sita mwenye kiu hajui kilichofichwa kwa nini kimefichwa.

"Josia! Josia, amka!"

Mtoto alifumbua jicho moja, likarudi juu likabaki jeupe.

"Tata! Tata, amka!" Kemilembe alimtikisa baba yake mabega. Aroni aliketi, akamtazama kama asiyemjua, akauliza, "Kahawa imenyeshewa?"

Kemilembe hakungoja. Alimbeba Josia mgongoni, akamfunga kwa kanga, akateremka bondeni, akavuka maji bila kuvua viatu, akapanda ng'ambo huku kichwa cha mdogo wake kinagonga shingo yake kila hatua. Njia nzima aliomba kwa maneno mawili tu: "Bwana, asife. Bwana, asife."

Shangazi Kokushubira alikuwa akipepeta maharage. Aliacha ungo ukaanguka. Alimpokea mtoto, akainamisha uso, akanusa.

"Nani amempa?"

"Hakuna aliyempa, shangazi. Alikiona mwenyewe. Tata hakuwa na homa. Mwalimu nilimdanganya, na mama nimemdanganya. Mimi ndiye niliyepokea kibuyu cha Kagaruki, mimi ndiye..."

"Maneno baadaye," shangazi alimkatiza. "Mtoto kwanza. Kimbia kwa dresa wa zahanati. Mwambie amekunywa pombe, usimwambie neno jingine."

Dresa alikuja na mkoba wake. Alimgeuza Josia alale ubavu ili akitapika asipaliwe, akaagiza afunikwe blanketi, akakataza asitiwe kitu kinywani kwa nguvu. Aliketi karibu naye akishika kifundo cha mkono na kutazama saa yake. Kemilembe alisimama pembeni. Nje maharage yalikuwa bado yametapakaa uwanjani, na hakuna aliyeyaokota.

Jua lilipoanza kulala Josia alijigeuza, akakunja uso, akasema, "Shangazi, kichwa kinauma. Nataka uji."

Kokushubira aliyapandisha macho juu akasema, "Asante, Bwana." Ndipo Kemilembe alipoketi chini akalia.

Aroni alifika wakati huo huo. Magoti yake yalikuwa na matope. Alisimama mlangoni, hakuthubutu kuingia.

"Amekufa?"

"Hajafa," dada yake akajibu. "Ingia, au ondoka. Usisimame hapo kutuzuilia mwanga."

Aliingia, akaketi chini, akaweka kichwa mikononi. "Niliapa mbele ya kanisa. Mungu amenikataa."

"Mungu hajakukataa. Wewe uliapa siku moja ukadhani umemaliza kazi." Kokushubira alivuta kigoda akaketi mbele yake. Hakupaza sauti. "Marehemu mume wangu aliapa mara saba, na mara zote saba mimi nilimfichia. Nilisema ana homa. Nilisema amesafiri. Nilidhani ninafunika aibu yetu, kumbe nilikuwa ninafunika makaa kwa majani makavu. Nimemzika nikiwa na siri zake zote tumboni. Wewe sitakufichia, Aroni. Na mtoto huyu hatakufichia tena."

Kemilembe aliinua uso. "Shangazi, kosa ni langu. Mimi nilikipokea."

"Njoo hapa." Shangazi alimshika mkono. "Kibuyu ulikipokea, kiu ya baba yako hukuiumba wewe. Ilikuwapo kabla hujaota meno. Kosa lako ni uongo, nao umeutubu leo ukiwa na mtoto mgongoni. Hayo mengine si mzigo wako. Huwezi kumwokoa mtu mzima kwa kumnusa."

Aroni aliposikia neno hilo alilia kwa sauti. Dada yake alimwacha alie mpaka akatulia, kisha akamwuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza.

"Kiu inakuja saa ngapi?"

"Kila wakati."

"Si kweli. Fikiri."

Aroni alipangusa uso. Alifikiri kitambo. "Jioni," alisema. "Saa kumi na moja hivi. Ninapotoka chamani nikapita kwa Kagaruki, nikasikia wanacheka. Tena zaidi nikiwa sijala. Na nikiwa nimechoka. Na nikimkumbuka Kokubanza, hasa nikimkumbuka kwa hasira."

"Umeona? Si kila wakati. Ina saa yake, ina njia yake, na ina chambo chake: njaa, uchovu, hasira na upweke. Mwizi ukiishajua anapitia wapi, unaweza kumwekea mlinzi. Kesho utapita njia ya kanisani. Utabeba ndizi ya kuchoma ule kabla ya kuondoka chamani. Na saa kumi na moja utakuwa hapa uwanjani kwangu, wewe na watoto."

"Na ikinijia nikiwa hapa?"

"Utaniambia mimi, au utamwambia mwinjilisti. Si mtoto. Utasema waziwazi: imekuja. Kiu ni kama mvua ya ziwani, Aroni. Inakuja na ngurumo, unadhani itabomoa nyumba, kisha inapita. Wewe kila ikinyesha unakimbilia kilabuni kujikinga."

Aroni alitikisa kichwa. "Nami nikianguka tena?"

"Utakuja kusema siku hiyo hiyo, kabla ya jua kuchwa. Aliyeanguka njiani hajarudi alikotoka, ila akikataa kuinuka."

Kisha Kokushubira akauliza polepole, "Na ule mtumbwi?"

"Ni wa baba yetu," Aroni akajibu upesi. "Aliuchonga kwa mikono yake."

Dada yake alitazama tu upande aliolala Josia.

*

Jioni iliyofuata waliketi wote uwanjani kwa shangazi. Katikati palikuwa na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile inayochumwa mbichi, ikachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri na kukaushwa juani, ambayo kila mgeni wa nchi ile hupewa. Aroni alikuwa akichambua maharage. Mara mikono yake ilisimama.

"Dada," alisema. "Imekuja."

Kemilembe alishtuka, akataka kuinuka. Shangazi alimwekea mkono begani. "Wewe kaa. Aroni, iko wapi?"

"Kooni. Na hapa mikononi."

"Tafuna kahawa. Vuta pumzi polepole, uitoe polepole zaidi. Unaona kivuli cha paa la jiko? Kiko kwenye jiwe la kusagia. Tutakingoja kifike kizingitini."

Walingoja. Jasho lilimtoka Aroni usoni ingawa hapakuwa na joto. Alitafuna, akavuta pumzi, akasema Zaburi aliyoijua tangu utoto, akaikosea, akaianza upya. Mara moja aliinuka nusu, kisha akaketi. Kivuli kilitambaa kama konokono. Kilipogusa kizingiti mabega yake yalishuka.

"Inaondoka," alisema.

"Imekwenda wapi, tata?" Josia akauliza.

"Sijui, mwanangu. Lakini kesho itarudi."

"Basi kesho na sisi tutakuwapo," shangazi akasema, akasogeza ungo. "Chambua maharage."

Usiku ule ule Aroni alimwambia Kemilembe achukue karatasi. "Mwandikie mama yako," alisema. "Usipunguze." Kemilembe aliandika yote: kibuyu, homa ya uongo, Josia, dresa, kivuli kwenye jiwe. Mwandiko ulikuwa mbaya na chozi liliharibu mstari mmoja. Alijua kwamba anaandika barua itakayomzuia mama yake asirudi. Alimpa Elieza barua hiyo, na Elieza, alipoona uso wake, hakutania.

Jumamosi Aroni alichukua nyundo na patasi akaenda kibandani. Alisimama mbele ya mtumbwi muda mrefu. Kisha akaanza kuutoboa. Pigo la kwanza lilimfanya afumbe macho kana kwamba amejipiga mwenyewe. Alitoboa matundu kumi na mawili chini yake. Siku iliyofuata, Jumapili, alipumzika, na Jumatatu yeye na Kemilembe waliujaza udongo mweusi na mbolea, wakapanda mbegu za kahawa alizozipata kwa bwana shamba, wakafunika kwa nyasi.

Agosti ikapita. Kahawa ikaisha kuanikwa. Mama hakuja, wala hakuandika.

Septemba, siku ya matanga ya mtu wa ukoo wao, Aroni alianguka tena. Kemilembe alimwona akivuka bonde peke yake, akiyumba, jua likiwa bado juu. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa dada yake akasema, "Nimekunywa. Vikombe viwili. Nilikuwa na njaa, na walinipa nikiwa ninalia." Kokushubira alimpikia ndizi. Kesho yake saa kumi na moja waliketi tena kwenye kivuli, wakaanza upya.

*

Novemba, msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, lori la Elieza lilisimama barabarani likapiga honi mara tatu. Kemilembe aliyekuwa shambani alisikia, akaona mwanamke akishuka na mzigo kichwani. Hakukimbia. Josia ndiye aliyekimbia, akipiga kelele kumwita mama yake, "Mawe! Mawe!"

Jioni mama na Kemilembe walikuwa jikoni wakichambua senene. Kemilembe hakuweza kuvumilia zaidi.

"Mama, nilidhani hutarudi. Nilikuandikia uongo."

"Nilijua," Kokubanza akasema. "Barua zako za kwanza zilijaa mambo: mara Josia ameanguka mtini, mara kuku ametotoa. Ile ya Julai ilikuwa na mwandiko mzuri, na ndani hamkuwa na mtu. Niliisoma nikafungua mzigo niliokuwa nimeufunga ili nirudi. Hii ya mwisho ilinitia hofu, Kemilembe, nikalia siku tatu. Nikamwandikia shangazi yako aniambie jioni za baba yako zinakwendaje, akaniambia yote, hata ya Septemba. Hiyo ndiyo iliyonileta. Nyumba inayovuja naweza kuingia, ilimradi nimeambiwa inavuja wapi."

Siku chache baadaye Kagaruki alipiga hodi. Kijana wake alikuwa anaoa.

"Ta Aroni," alisema kwa heshima, "nimekuja kuazima mtumbwi."

"Njoo uuone," Aroni akasema, akamwongoza nyuma ya nyumba. Mtumbwi ulikuwa umejaa miche ya kahawa toka mwanzo hadi mwisho, kila mche na majani yake mawili.

"Umeutoboa!" Kagaruki alishika kichwa. "Mtumbwi wa marehemu baba yako!"

"Nimeutoboa. Mimi ni mgonjwa wa pombe, Ta Kagaruki. Nikiinusa tu, nimekwisha. Arusini nitakuja, nitabeba kuni na kuimba, ila kibuyu changu mpe mtu mwingine."

Kagaruki alitazama miche, kisha akamtazama Kemilembe. "Kumbe siku ile mimi ndiye..."

"Ulileta kwa heshima," Aroni akasema. "Hukujua kwamba ni ugonjwa, kwa sababu mimi sikukuambia. Nilikiri kanisani ili watu waimbe. Jirani yangu nilimwonea haya."

Akaenda ndani, akarudi na kikapu cha kahawa ya kutafuna. Kagaruki aliipokea kwa mikono miwili.

Asubuhi iliyofuata Kemilembe aliamka kabla kuku hawajashuka. Alifagia uwanja, akachukua kibuyu, na miguu yake kwa mazoea ikampeleka nje ya chumba cha wazazi wake. Akabana pumzi. Mama, aliyekuwa akitoka jikoni na moto, akamkuta pale.

"Unasikiliza nini?"

Kemilembe aliona haya. "Kikohozi cha tata."

Kokubanza aliweka moto chini. "Mwanangu, sikia. Mtu akiugua ulevi, mpende, na umwambie ukweli yeye na wale wanaoweza kumsaidia. Lakini usimfichie, maana siri ndiyo chakula cha ugonjwa huo. Wala usijidhani wewe ndiye dawa yake. Vita vya baba yako ni vya kila siku, navyo atavipigana yeye pamoja na Mungu, na sisi watu wazima tutaketi naye. Kazi ya mtoto ni kusoma, kusaidia nyumbani na kusema kweli. Hii ya kusikiliza mlangoni nipe mimi."

Kemilembe alimtazama mama yake. Kisha akaweka kibuyu begani akateremka bondeni, na alipokuwa nusu ya njia ndipo alipotambua kwamba anaimba.